Fleva ni fudi gredi, sawa, na mapafu je? Jinsi ya kuichunguza hatua kwa hatua

Wadau, mimi nachanganya fleva za aiskrimu na keki hapa Mwanza, na kila mara kuna dogo ananifuata na kichupa mkononi, "Kaka, hii imeandikwa fudi gredi, si naweza kuitia kwenye vepu?" Yaani ni ya kiwango cha chakula, na anataka kuitia kwenye sigara ya umeme. Jibu fupi ni usitie. Jibu refu ndo hili, na hata kama huvuti chochote ila unaoka keki Igoma au una kijikiwanda Nyegezi, soma mpaka mwisho maana hatua ya 6 ni yako.

Hatua ya 1: Jua ndani kuna nini. "Fleva ya siagi" ni jina la dukani tu, humo ndani kunaweza kuwa na kemikali kibao. Mwombe sapulaya SDS, ile karatasi ya usalama wa kemikali, pamoja na namba za CAS, yaani namba ya utambulisho ya kila kemikali, halafu tafuta kwa namba sio kwa jina, majina yanabadilika kila kampuni. Daiasetili, ile inayotoa harufu ya siagi, ni 431-03-8, ndugu yake pentanidioni ni 600-14-6, sinamaldihaidi ya mdalasini ni 104-55-2. Akisema ni siri ya biashara, muulize hizo mbili za kwanza zipo au hazipo, basi. Akigoma na hapo mimi huwa naachana naye.

Hatua ya 2: Uliza ilipimwa kwa njia gani ya kuingia mwilini. Hapa ndo penyewe. JECFA, kamati ya FAO na WHO, ipo tangu 1956, na Marekani kuna FEMA, chama cha watengeneza fleva, ambao jopo lao linapitia fleva tangu 1960, ila swali wanalojibu ni moja tu, mtu akiila hii kwa kiasi kinachowekwa kwenye chakula ataumia? FEMA wenyewe wameshasema wazi kwamba tathmini yao ni ya chakula na haihusu sigara za umeme. Ukila kitu kinapita tumboni na kwenye utumbo, halafu ini linakivunjavunja kabla hakijasambaa, lakini ukikivuta hakipiti huko kabisa, kinatua kwenye utando laini wa njia za hewa kikiwa kizima na kingine kinaingia kwenye damu hapohapo. Leseni ya bodaboda ni halali kabisa, ila haikupi ruhusa ya kushika usukani wa meli ya Ukerewe. Na usinipe habari za asilia, hata vanila safi ya Kagera swali lake la mapafu ni lilelile.

Hatua ya 3: Fungua SDS, ina sehemu 16, nenda ya 11. Tafuta mstari wa kuvuta kwa hewa. Mara nyingi utakuta "hakuna data", na watu wanasoma hapo kama "hakuna madhara". Sio hivyo jamani.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Tuseme fleva yako ina daiasetili asilimia 0.5 na unaweka gramu 1 kwenye kilo ya aiskrimu, hiyo ni miligramu 5 kwa kilo, mteja akila gramu 100 amekula nusu miligramu, na kwa kula wala sina shida nayo, siagi yenyewe ina daiasetili. Sasa geukia hewa. Mwaka 2016 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza mfanyakazi asivute hewa yenye daiasetili kuzidi sehemu 5 kwa bilioni kwa masaa 8, ambayo ni kama maikrogramu 18 kwa mita moja ya ujazo, na kwa shifti mtu anavuta hewa mita za ujazo kama 10, kwa hiyo jumla ni miligramu 0.18 hivi. Yaani kile kiasi cha bakuli moja la aiskrimu, kikipita puani, ni karibu mara tatu ya kikomo.

Kikomo hicho hakikutoka hewani. Mwaka 2000 huko Jasper, Missouri, wafanyakazi 8 wa zamani wa kiwanda cha bisi waligundulika na bronkiolaitisi obliterans, vijia vidogo vya hewa vinapata makovu na kuziba, na havirudi. Walivuta mvuke wa fleva ya siagi, ileile watu walikuwa wanaila majumbani bila tatizo. Baadaye watengenezaji wengine wakaacha daiasetili wakahamia pentanidioni, panya wa maabara wakaonyesha nayo inaumiza njia za hewa vilevile.

Hatua ya 5: Angalia joto na inachochanganywa nayo. Vanilini, ile ya harufu ya vanila, na sinamaldihaidi zikikaa na propilini glaikoli, kimiminika cha kuyeyushia fleva, zinazaa kemikali mpya, asetali, humohumo chupani kabla hata hujawasha kitu, na hiyo mpya haipo kwenye lebo. Mfano mwingine ni asetati ya vitamini E, iko kwenye vidonge na losheni miaka yote, ila 2019 Marekani iliwekwa kwenye vepu za bangi, na hadi Februari 2020 walihesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, vifo 68.

Hatua ya 6: Jikoni kwako. Mimina fleva mchanganyiko ukiwa wa baridi kama risipi inaruhusu, funika, fungua madirisha au weka feni ya kutoa hewa nje, na usiiname juu ya sufuria kunusa kama imekolea. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inatakiwa ile yenye katriji ya mvuke wa kemikali. Kijana wako wa kuchanganya akianza kikohozi kikavu na kuhema akipanda ngazi, na dawa za pumu hazimsaidii, mpeleke akapime spairometri, ile ya kupuliza kwenye mashine, na amwambie daktari anafanya kazi na fleva, kwa sababu eksirei inaweza kuonyesha kifua kiko poa wakati hakiko poa.