Somo: Kumfuatilia mgonjwa wa sindano za mzio wa chavua ya nyasi

Wenzangu wa Mtwara na Lindi, mgonjwa wa aina hii akitufikia huwa keshaanzishiwa tiba kwingine. Anakuja na kadi ya dozi, barua ya daktari bingwa na chupa zake kwenye kiboksi cha barafu, sisi tunaendeleza. Tiba si ngeni: Leonard Noon aliandika habari zake London mwaka 1911, na alianzia na chavua ya nyasi hiyohiyo. Mwili unapewa kinachoukera kidogo kidogo, kwa kawaida miaka mitatu, mpaka uzoee. Kwa hiyo tunachochoma ndicho kinachomdhuru, na hapo ndipo ufuatiliaji unapoanzia.

1. Adrenalini iwe mezani kabla hujagusa chupa. Ampuli na bomba viwe hapo, si kwenye kabati ambalo mwenye funguo kaenda kula. Kama haipo, mgonjwa arudi siku nyingine.

2. Muulize: kifua kimembana wiki hii? Ana homa? Mkono ulivimbaje mara iliyopita? Ana mimba? Kaanzishiwa atenolo au propranolo? Dawa hizo za presha na moyo huifanya adrenalini isifanye kazi sawasawa. Mwenye pumu apulize kipimo cha pumzi; ikiwa imeshuka kuliko kawaida yake, ahirisha.

3. Soma kadi na chupa kwa sauti, mgonjwa akisikia. Chupa zinatofautiana nguvu. Choma chini ya ngozi, nyuma ya mkono wa juu.

4. Dakika 30. Akae unapomwona, si nje chini ya mwembe akiongea na simu. Mshtuko mkali mara nyingi hujitokeza ndani ya muda huo, na huanza kwa vitu vidogo: viganja kuwasha, chafya mfululizo, kusafisha koo kila mara, au anakwambia tu "sista, sijisikii vizuri". Akianza kubanwa pumzi, sauti kukwaruza au presha kushuka, usisubiri daktari. Mtu mzima mpe adrenalini miligramu 0.5 (ile ya 1:1000) kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtoto miligramu 0.01 kwa kilo, isizidi hiyo 0.5. Mlaze miguu juu, ila anayehangaika kupumua mwache akae. Asisimame. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Piritoni na haidrokotisoni tumezizoea mno, lakini hapa zinakuja nyuma.

5. Pima uvimbe kwa rula, andika kwenye kadi. Asiende kulima siku hiyo.

6. Nyumbani awe na daftari la dalili na dawa anazotumia. Huku kwetu ongeza safu moja: siku za salfa, ile dawa ya mikorosho. Nyasi huchanua zaidi mvua zikielekea kuisha, lakini wakulima wakianza kupuliza mikorosho, kuanzia mwezi wa sita hivi, macho na vifua vinawaka hata kwa wasio na mzio. Bila safu hiyo utadhani tiba imeshindwa.

Maswali ya wanachama

Newala: Shikamoo sista. Wangu alipotea msimu wote wa korosho, sasa karudi. Niendelee na dozi ileile?
— Marahaba. Hapana, usithubutu. Mpigie aliyemwanzishia. Kadiri alivyokosa ndivyo dozi inavyoshushwa.

Masasi: Mgonjwa wangu anaweka chini ya ulimi vidonge vya nyasi ya timothi, kaanzishiwa Ulaya. Huku timothi iko wapi?
— Umegusa penyewe. Timothi ni nyasi ya nchi za baridi, na vidonge vyake husaidia kwa nyasi za ukoo wake. Ukoka wetu ni ukoo mwingine. Kama anaugua akiwa Masasi, bingwa ampime upya. Kwa sasa mkague kinywa: akiwa na kidonda au aking'oa jino, asimamishe mpaka papone. Mdomo kuwasha siku za mwanzo ni kawaida. Chakula kukwama kooni si kawaida, asimamishe na arudishwe kwa bingwa.

Lindi: Umeme ukikatika, chupa nifanyeje?
— Zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Zihamishie kwenye kiboksi cha chanjo, zisigusane na barafu. Iliyoganda usiitumie hata ikiyeyuka.