Usiunganishe uzamili kabla hujashika kazi

Mimi ni bibi afya, kituo changu kipo Chamwino. Kila mwaka wadogo zangu wanaomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hunipigia: "Dada, niunganishe uzamili wa afya ya jamii au nitafute kazi?" Tafuta kazi. Ila usiniamini mimi, hakiki mwenyewe.

Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, tafuta tangazo la Afisa Afya Mazingira Daraja la II, usome sifa neno kwa neno. Utakuta shahada ya afya ya mazingira na usajili wa Baraza linalosajili wataalamu wa afya ya mazingira. Mwenzangu mmoja alikuja na uzamili ambao baba yake aliuza kiwanja kuulipia. Tuliripoti wiki moja, daraja moja, mshahara uleule.

Kwa hiyo hata kabla ya kulipia hiyo shahada ya kwanza, uliza Baraza kama wahitimu wa kozi hiyo wanasajiliwa. Jina tamu la kozi halikusajili. Na kama ulisoma kwa mkopo, kumbuka Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Piga hesabu zako humo.

Uzamili una kazi yake, sikatai. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ilipoua watu huku Dodoma na Manyara, nilikuwa Chemba. Shahada yangu ilinitosha kuzunguka nyumba kwa nyumba, kukagua vihenge, kuchukua sampuli za mahindi na kuwaambia kina mama waanike juu ya turubai, si chini. Lakini swali lililonisumbua lilikuwa jingine: mbona kaya hii imeugua na jirani yake, shamba kwa shamba, yuko salama? Kulijibu kunataka kulinganisha wagonjwa na wazima kwa hesabu, na hesabu hizo sikuwa nazo. Kwenye kikao cha kujadili ugonjwa huo nilikaa na daftari langu, kimya kama mgeni.

Ukifika hapo, omba uzamili, na chagua epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na chanzo chake, au chochote kinachojibu swali lako. Nilipokwenda kusoma uzamili, daftari langu lile ndilo lililonipa mada ya utafiti, wakati wenzangu waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza walihangaika muhula mzima kutafuta cha kuandika.

Kabla ya kuomba chuo, hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na barua ya ruhusa iwe mkononi. Namjua aliyeondoka kwa ahadi ya mdomo. Mwezi wa tatu wa masomo mshahara ukasimama.