Kabla ya raundi ya wodi ya mishipa ya fahamu: mambo ya kuzingatia kwa mfamasia

Mfamasia wa kliniki akipangiwa wodi ya ubongo na mishipa ya fahamu kwa mara ya kwanza, kinachomsumbua zaidi ni kwamba tatizo la dawa huvaa sura ya ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa kifafa amelala fofofo: ni uchovu wa baada ya degedege, au dawa imezidi? Mgonjwa wa Parkinson ameamka amekakamaa: ugonjwa umepiga hatua, au dozi ya alfajiri haikutolewa? Maswali haya hayajibiki vizuri ukiwa umesimama kando ya kitanda huku daktari bingwa anakutazama. Yatafutie majibu mapema.

Anza na dawa alizokuwa akitumia nyumbani, na usiridhike na karatasi ya kulazwa. Muulize ndugu anayemuuguza, umwombe alete vidonge pamoja na pakiti zake. Jina la dawa pekee halitoshi; unataka kiwango, saa anazomeza, na lini alimeza mara ya mwisho. Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokaza, ni mfano mzuri. Isipoandikwa siku ya kulazwa, ikakatika ghafla, mgonjwa anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo au kupata degedege, na wodi nzima ikaanza kutafuta maambukizi. Diazepamu na dawa za jamii yake nazo haziachwi ghafla.

Kwa wagonjwa wa Parkinson, saa ni sehemu ya dozi. Ratiba ya wodi ya asubuhi, mchana na jioni haiwatoshi wengi wao; levodopa, dawa yao kuu inayogeuka dopamini ubongoni, itolewe saa zilezile za nyumbani, na muuguzi wa zamu ajue kwamba kuchelewa kunaweza kumfanya mgonjwa ashindwe hata kumeza. Pitia pia dawa za kichefuchefu na za kutuliza fujo. Metoklopramidi, prokloperazini na haloperidoli huziba dopamini, yaani zinavunja kilekile levodopa inachojenga. Mara nyingi huandikwa usiku, na daktari wa zamu asiyemjua mgonjwa.

Mgonjwa wa kiharusi asipewe kidonge kabla ya kupimwa uwezo wa kumeza. Akiwekewa mpira wa puani, usikimbilie kuagiza dawa zisagwe. Vidonge vinavyotoa dawa polepole, kama vile baadhi ya vya kabamazepini na valproeti (dawa za kifafa), vikisagwa humwaga dozi yote kwa mkupuo. Dabigatrani, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo kapsuli yake haifunguliwi. Jua mapema ni dawa gani zina aina ya maji au ya sindano, ili raundini uje na mbadala mkononi.

Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, inastahili nusu saa yako peke yake. Mwili ukishafikia kikomo cha kuichakata, ni kama ndoo iliyojaa pomoni: nyongeza ndogo tu inamwagika, na kipimo cha damu kinapanda ghafla. Kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita, lakini namba hiyo inahesabu dawa yote, ilhali karibu asilimia 90 yake imeshikwa na protini na haifanyi kazi. Kwa hiyo, kabla ya kusoma kipimo, tazama albumini, protini ya damu inayoishika. Ikiwa imeshuka, kipimo cha chini kinaweza kudanganya: dawa huru inatosha, daktari anaongeza dozi, na kesho yake mgonjwa anayumba na macho yanachezacheza. Uliza pia sampuli ilichukuliwa saa ngapi baada ya dozi. Chakula cha mpirani hupunguza ufyonzwaji wake, hivyo panga na wauguzi muda wa kusimamisha chakula kabla na baada ya dozi. Ya mshipani haichanganywi na dekstrosi kwa sababu huganda, na kwa mtu mzima isizidi miligramu 50 kwa dakika, huku moyo na presha vikifuatiliwa.

Kuna michanganyiko ya kuitafuta kwenye kila faili. Meropenemu, ambayo ni antibiotiki, hushusha valproeti kwa kasi, na kuongeza dozi ya valproeti hakusaidii sana; bora antibiotiki nyingine au kinga nyingine ya degedege. Valproeti nayo hupandisha lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, na hapo ndipo hatari ya upele mbaya inapoongezeka. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi anaweza kulimbikiza fenitoini bila dozi kuguswa. Mwenye miasthenia gravis, ugonjwa unaodhoofisha misuli, muwekee alama kubwa kwenye faili: jentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini na magnesiamu ya mshipani vinaweza kumzidishia udhaifu hadi wa kupumua.

Figo usizisahau. Levetirasetamu na gabapentini (dawa za kifafa) na sefepimu (antibiotiki) hupunguzwa figo zinapodhoofika. Sefepimu ikilimbikizana huleta kuchanganyikiwa na hata degedege, na ukimwona mgonjwa utadhani ni ugonjwa wa ubongo.

Ukiwa na hoja tano kwa mgonjwa mmoja, tanguliza ile inayoweza kumdhuru leo, nayo iende na pendekezo kamili: dawa gani, kiasi gani, kipimo kirudiwe lini. “Dozi iangaliwe upya” si pendekezo. Andika kwenye faili lililokubaliwa, na lililokataliwa pia pamoja na sababu yake, la sivyo mwenzako wa zamu ijayo ataliibua upya.