Kutunza programu huria ukiwa na kazi nyingine ya kutwa

Jumatatu moja nilifungua barua pepe nikakuta picha ya hundi iliyokataliwa. Tarakimu zilisema 205,000. Maneno yalisema "shilingi elfu mia mbili na tano tu". Karani wa benki alikuwa ameuliza: hii ni laki mbili na elfu tano, au laki mbili na shilingi tano? Kiswahili kinakubali zote mbili, na kwenye hundi maneno yakigongana na tarakimu, maneno ndiyo yanayoshika. Maneno yale hayakuandikwa na mhasibu. Yaliandikwa na kaprogramu kangu ka Python (lugha ya kuandikia programu) ka kugeuza tarakimu kuwa maneno, nilikokaandika kwa usiku mmoja, nikakaweka GitHub, tovuti ya kuwekea programu watu wazione, nikakasahau.

Mimi ni fundi wa mifumo ya mahesabu hapa Mwanza. Kumbe watu walikuwa wanakatumia. Tangu siku ile nimejifunza kutunza, na utunzaji hauna uhusiano mkubwa na kuandika msimbo. (Nasema msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa makusudi. Ofisini kwetu ukisema kodi, kutoka "code" ya Kiingereza, watu wanafikiria TRA.)

Anza na jaribio. Mtu akileta hitilafu, usikimbilie kurekebisha. Kwanza andika jaribio, yaani kaprogramu kanakopima kama programu inatoa jibu sahihi, linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo hiyo. Mimi niliandika mawili: 205,000 lazima itoe "shilingi laki mbili na elfu tano", na 200,005 lazima itoe "laki mbili na shilingi tano". Nikayaendesha, yote yakashindwa, ndipo nikagusa msimbo. Faida yake utaiona mwaka unaofuata, pale mchangiaji mgeni atakapokuja kusafisha msimbo wako na kuirudisha hitilafu ile ile bila kujua. Jaribio litamwambia kabla yako, nawe utakuwa umelala.

Baada ya hapo nilifanya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa kwenye toleo la 1.4.2, nikatoa marekebisho kama 1.4.3, eti ni kitu kidogo. Kesho yake nikapata malalamiko matatu. Mmoja alikuwa na mfumo unaolinganisha maneno ya stakabadhi mpya na yale yaliyohifadhiwa zamani. Kila stakabadhi ya kuanzia laki ikaonekana imeghushiwa. Namba za toleo ni ahadi. Ya mwisho ikipanda, unasema nimeziba tundu, sasisha bila wasiwasi. Ya katikati, nimeongeza kitu, cha zamani hakijaguswa. Ya kwanza, soma maelezo kabla hujasasisha, kuna kitakachobadilika. Kubadili "elfu mia mbili" kuwa "laki mbili" kulistahili 2.0.0, hata kama ni mistari minne tu. Swali la kujiuliza ni nani atashtuka asubuhi.

Na toleo bovu usilifute. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake cha mistari 11, left-pad, kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi duniani iliyokitegemea ikashindwa kujengwa siku ile. Kwenye PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, unaweza kulitia alama toleo kwamba lisichukuliwe na wapya, huku waliokwisha kulitaja kwa namba yake kamili kwenye orodha zao wakiendelea kulipata. Fanya hivyo, kisha toa jingine lililo sawa.

Leseni ni jambo la dakika tano: chagua leseni iliyokwisha andikwa, kama MIT au Apache 2.0, weka faili la LICENSE, basi. Bila leseni msimbo wako unaonekana na kila mtu lakini hakuna aliyeruhusiwa kuutumia, na kampuni yenye mwanasheria haitaugusa.

Kazi ngumu kuliko zote ni kukataa. Kijana mmoja aliniletea ombi la kuunganisha, yaani msimbo wake niuingize kwenye mradi, limeandikwa vizuri, lina na majaribio, la kuongeza lugha ya mtaani: 500 iwe jero, 1,000 iwe buku, 10,000 iwe msimbazi. Nilicheka peke yangu. Nikatamani kulipokea. Lakini nikajiuliza nani atalitunza siku noti ikibadilishwa rangi, na msimbazi ukaacha kuwa mwekundu. Nilimjibu hivi: "Asante sana ndugu yangu, kazi yako ni safi. Mradi huu ni wa hundi na stakabadhi, kwa hiyo sitaiunganisha. Tengeneza kifurushi chako kinachotegemea hiki, nami nitakiweka kwenye README." (README ni faili la maelezo ya mradi.) Alikitengeneza. Jibu la namna hiyo nimelihifadhi, nabadilisha majina tu. Jambo baya ni kunyamaza. Ombi likikaa miezi minane bila neno, mtu harudi tena.

Sasa funguo, yaani njia ya kuingia kwenye akaunti ya kutolea matoleo. Simu yangu iliibwa kwenye daladala, na namba za uthibitishaji wa hatua mbili zilikuwa humo humo. Wiki tatu sikuweza kutoa toleo lolote. Namba za dharura ambazo tovuti ilinipa siku ya kwanza nilikuwa nimezipiga picha, kwa simu hiyo hiyo. Leo zimechapishwa kwenye karatasi, ziko kwenye bahasha kwa dada yangu, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Bahasha haitoshi, anatakiwa mtu wa pili. Ila usimpe funguo mtu kwa sababu anakusukuma. Mwezi Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, na katikati akapewa utunzaji. Mwaka 2022 mtunzaji wa awali, Lasse Collin, alikuwa akiandamwa na ujumbe wa kumlaumu kwamba yuko taratibu mno, na alikuwa ameshasema afya yake ya akili haiko vizuri na kwamba hiyo ni kazi asiyolipwa. Nikisoma zile lawama huwa naona ujumbe ninaoupata mimi.

Kwa hiyo mimi nilipandisha ngazi kwa ngazi. Mwenzangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alianza kwa kupanga hitilafu na kuuliza maswali. Baada ya miezi sita akawa anakagua maombi. Mwaka ulipopita ndipo nikampa haki ya kutoa toleo, baada ya kuandika hatua zote kwenye faili moja na kumwacha atoe moja huku mimi nikiwa kimya kwenye simu. Alikwama mara mbili. Pote pawili palikuwa na kitu nilichokijua kichwani bila kukiandika.

Kuhusu pesa, sijapata dawa. Ninachofanya: kampuni ikitaka kitu chake haraka, natuma ankara ya muda wangu, na msimbo unabaki huria. Wengi hawajibu. Waliojibu wamelipa bando la mwaka. Na kwenye README kuna sentensi moja inayosema najibu Jumamosi tu, ambayo imenipunguzia lawama kuliko chochote.

Toleo la 2.3.0 lilitoka nikiwa msibani Bukoba, simu haina chaji. Mwalimu alilitoa peke yake. Lilikuwa na kosa moja, themanini imeandikwa "thamanini", na nilipowasha simu kesho yake 2.3.1 ilikuwa imeshatoka, na jaribio lake juu.