Bustani ya mboga Dar: kupata faida bila kuumiza mto wala udongo

Anza na tepu ya mita 50, jembe lisubiri. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakulima wengi wa bonde la Msimbazi, Kizinga na Mpiji huziona mita hizo 60 kama kunyang'anywa ardhi. Hesabu inasema vinginevyo: tuta lililo kando ya mto ndilo linalobebwa na maji ya masika, pamoja na samadi, mbegu na kazi ya vibarua uliokwisha kuwalipa. Ukilihesabu kwa mwaka mzima badala ya kiangazi peke yake, mara nyingi ndilo linalokula faida ya matuta ya juu.

Ukanda huo usiuache mtupu, maana mmomonyoko utakufuata hadi bustanini. Muulize afisa ugani wa kata na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ni mimea gani inakubalika pale ulipo. Mahali ambapo mto haupokei maji ya viwandani, mabingobingo yanafaa: panda vipande vyenye macho matatu, nusu mita kati ya shina na shina, mita moja kati ya mistari. Kata mara ya kwanza baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila wiki sita hadi nane, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini hununua. Kama mto unapokea maji ya viwanda, usiuze majani hayo kwa mfugaji yeyote. Panda vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, ishike udongo tu.

Sasa maji, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Robo eka ina mita za mraba kama 1,000. Ukitoa njia na mifereji unabaki na matuta 60 ya mita 10 kwa 1. Mchicha wakati wa jua kali unahitaji lita 5 hivi kwa mita ya mraba kwa siku, yaani keni tano za lita 10 kwa kila tuta, nusu asubuhi na nusu jioni. Jumla ni lita 3,000 kwa siku. Usichimbe kisima wala kununua pampu kabla ya kujua kama chanzo chako kitatoa kiasi hicho mwezi Januari na Februari.

Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kwa ajili ya umwagiliaji kinahitaji kibali cha bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kibali kina faida yake kwa mkulima pia, kwa sababu visima vikibanana na kuvuta kupita kiasi karibu na pwani, chumvi ya bahari huingia chini kwa chini. Pima chumvi kwa kipimo cha upitishaji umeme: chini ya 0.7 (desisimensi kwa mita) huna wasiwasi, 0.7 hadi 3 chagua mazao kwa uangalifu, juu ya 3 achana nayo. Ukoko mweupe juu ya tuta ni dalili kwamba umechelewa.

Maji ya mto uliochafuka ni bure, na ndiyo maana yanavutia. Vimelea vya kinyesi hupungua mboga ikioshwa vizuri na kupikwa. Madini mazito kama risasi na kadimiamu yakiingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Hapa hatuna njia ya katikati: maji ya kiwandani hayamwagiliwi mchicha, hata kama soko haliulizi.

Kuhusu mbolea, tangu msimu wa 2022/23 serikali inatoa ruzuku kwa mkulima aliyesajiliwa kupitia ofisi ya mtaa au kijiji. Jisajili. Lakini bei ikishuka, mkono huwa mwepesi, na kwenye udongo wa kichanga wa Dar urea iliyozidi haikai: mvua moja nzito inaishusha hadi kwenye maji ya visima na mito. Mto Kizinga unalisha mtambo wa maji wa Mtoni, kwa hiyo kinachomwagwa juu yake kinarudi kwenye bomba la mtu.

Tumia mboji iliyoiva ya samadi ya kuku na majani makavu. Lundo liwe na angalau mita moja kila upande, lipinduliwe kila wiki kwa wiki sita hadi nane. Unyevu uwe wa kiasi kwamba ukikamua konzi moja yatoke matone mawili tu. Samadi mbichi itaunguza miche. Weka kilo 20 kwa tuta mwanzoni, kisha kilo 5 baada ya kila mavuno mawili. Juu ya hapo, gramu 100 za urea kwa tuta zinatosha: 50 siku ya 10 tangu kuota, 50 wiki moja baadaye, na umwagilie papo hapo ili isipotee hewani. Pima kwa mzani mara moja, halafu weka alama kwenye kikopo. Kwa matuta 60 unatumia kilo 6 kila mkupuo (mzunguko mmoja wa mchicha), hivyo mfuko wa kilo 50 unakwenda mikupuo minane. Ukiona majani yamekuwa ya kijani kizito, laini, yamejaa vidukari na yanaoza haraka sokoni, umezidisha.

Mchicha wa kung'oa huvunwa siku 21 hadi 30. Kiuatilifu ambacho kibandiko chake kinataka siku 14 kabla ya kuvuna hakina nafasi humo. Nunua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tu, na kwa viwavi jaribu kwanza nusu kilo ya mbegu za mwarobaini zilizosagwa, zilale usiku mzima kwenye lita 10 za maji, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni.

Daftari liwe kwa tuta, si kwa mwezi: mbegu, mboji, urea, mafuta ya pampu, siku za kazi (na za familia pia, kwa bei ya kibarua), kisha bei aliyolipa mchuuzi. Tuta likipata hasara mara tatu mfululizo, lipande bamia au kunde.

Daftari hilo ndilo mtakalobeba halmashauri mkienda kuomba mkopo kama kikundi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ombeni matangi na mabomba, msiombe urea. Matangi hudumu miaka. Na kwa kuwa matuta hulala Aprili na Mei, ratiba ya marejesho ipangwe kabla ya kusaini, miezi hiyo ikiwa na malipo madogo au bila malipo kabisa.