Kuosha na kupaka viti vya ngozi vya pikapu iliyotumika, kwa hewa ya Malindi

Ukinunua pikapu iliyotumika ukakuta viti vya ngozi vinang'aa kama sufuria mpya, usifurahi haraka. Ngozi ya gari ikitoka kiwandani haing'ai. Ina rangi iliyotulia, na ukipitisha kiganja unasikia ukavu laini, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mng'aro huo huja kwa njia mbili. Ama ni jasho na mafuta ya miili ya watu yaliyogandamana miaka kadhaa, ama kuna mtu amepaka dawa ya silikoni ili usione nyufa siku ya kununua.

Nafanya kazi hii Malindi, chini ya banda la makuti, na gari nyingi ninazopokea ni dabo kabini, pikapu za milango minne, zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu. Karibu kila mwenye gari hunijia na neno moja: "Fundi, ngozi imekauka, nipakie mafuta." Mara nyingi ngozi haikukauka. Imechafuka. Kazi ya kiti cha ngozi ni kuosha; kupaka huja mwisho, tena kidogo.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya kiti cha gari, ukitoa magari machache ya bei kubwa sana, imepakwa rangi, na juu ya rangi pana utando mwembamba kama plastiki usio na rangi. Kwa hivyo unapoosha, unaosha utando ule. Mafuta ya nazi, ambayo huku kwetu tunayaamini kwa nywele, kwa ngozi zetu na kwa makubadhi, hayapenyi pale. Hubaki juu, yakashika vumbi, yakachacha kwa joto, na ukungu ukapata chakula. Tafadhali yaache jikoni.

Kwanza, jua unashika nini

Tia tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya mgongo wa kiti. Tone likikaa juu kama shanga, ngozi ina utando, endelea na mwongozo huu. Likinyonywa na kuacha alama nyeusi, hiyo ni ngozi isiyopakwa, au utando umekwisha. Usiimwagie maji, mpelekee fundi wa ngozi.

Angalia pia mbavu na nyuma ya kiti. Gari nyingi zina ngozi halisi pale unapokalia na kuegemea tu, kwingine ni ngozi bandia. Hiyo bandia ioshe vivyo hivyo, lakini usiipotezee krimu.

Kama ubavuni mwa kiti pameandikwa kwamba kuna mfuko wa hewa wa usalama, hapo futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, usilowanishe. Na zile waya zenye plagi ya manjano chini ya kiti usizichomoe kwa sababu yoyote ile.

Vumbi na mchanga

Fyonza kwa mashine yenye mdomo wa nywele laini. Sogeza kiti mbele kabisa, kisha nyuma kabisa, ufyonze relini. Panua kila mshono kwa vidole viwili huku mdomo wa mashine ukipita, maana mchanga wetu wa pwani hujilaza mle ndani, na kila mtu akikaa unakata uzi kidogo kidogo kama msasa. Hapa usiwe na haraka. Mimi hutumia nusu saa kwa viti vinne, na nikiharakisha naujua mchanga wakati wa sabuni, unapoanza kukwaruza chini ya brashi.

Chumvi, kabla ya sabuni

Hatua hii wa bara wanaweza kuiruka. Sisi hatuwezi.

Mzee mmoja aliniletea pikapu aliyokuwa akiingia nayo kila siku kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Mishono ya kiti cha dereva ilikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka kama chaki ya fundi cherehani. Nikadhani ukungu. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi tupu. Nikamwambia, "Mzee wangu, kiti hiki kimejaa chumvi." Akanijibu, "Mwanangu, suruali yangu hukauka ikawa nyeupe kila jioni. Sikujua inafika mpaka huku."

Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ikikaa mshononi, uzi haukauki sawasawa, ukungu unaota, na vyuma vinavyoshikilia ngozi chini ya sponji vinapata kutu. Hata usipoingia shambani, jasho lako lina chumvi, na upepo wa bahari unaingia dirishani.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweke kwenye maji safi ya vuguvugu, kikamue mpaka kisidondoke. Futa kiti kizima, ukikandamiza kwenye mishono. Badilisha maji. Rudia. Kwa pikapu ya yule mzee nilibadilisha maji mara tano kwa kiti kimoja. Usianze na sabuni juu ya chumvi, utaisukuma ndani tu.

Sabuni

Ngozi hutengenezwa kwa dawa zinazoiacha upande wa asidi, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 7. Sabuni ya kipande na ya unga ziko upande wa pili, pH 9 hadi 10 au zaidi. Zinasafisha, ni kweli, lakini zinachosha utando na kuacha ngozi ngumu. Magadi ni vivyo hivyo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie gari kabisa.

Nunua sabuni maalumu ya ngozi ya gari. Chupa moja hudumu miezi. Ukiikosa, tumia sabuni ya maji iliyo pole, ya kuogeshea mtoto, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya vuguvugu.

Fanya sehemu ndogo ndogo, kama ukubwa wa sinia. Piga sabuni kwenye sponji mpaka itoe povu, upake povu, si maji. Sugua na brashi ya nywele laini kwa mzunguko, mkono mwepesi. Povu likigeuka rangi ya chai, lifute hapo hapo kwa kitambaa, usiliache likaukie. Kisha pitisha kitambaa cha pili chenye maji safi. Kiti chenye matobo madogomadogo usikisugue na povu jingi, maana maji yataingia kwenye sponji na hayatatoka. Kitambaa chenye sabuni kidogo kinatosha.

Kiti cha kwanza nilichoharibu kilikuwa cha kijivu. Nilitumia sabuni ya kipande na brashi ya kufulia, kitambaa kikatoka kijivu, nami nikazidisha nguvu nikiamini uchafu unatoka. Ilikuwa rangi ya kiti. Nililipa mwenyewe gharama ya kukipaka upya, na tangu siku hiyo natumia vitambaa vyeupe tu. Uchafu wa mwili ni wa hudhurungi, kiti kiwe cha rangi gani. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya kiti chenyewe, simama. Zile sponji nyeupe za kufutia kuta nazo ni msasa mlaini, zinakula utando.

Utajua umemaliza pale mng'aro unapoondoka. Sehemu iliyotakata inakuwa haing'ai, na iliyo jirani bado inang'aa. Mpaka kati yake unaonekana wazi. Wateja wengine hushtuka hapo, wakidhani nimepausha kiti. Nawaambia wapitishe kiganja.

Madoa

Wino wa kalamu ulioingia siku nyingi mara nyingi hautoki bila kutoka na rangi. Uache. Rangi ya buluu ya jinzi hupungua ukirudia sabuni siku mbili tatu, wala usitafute petroli au tina ya kuzimulia rangi.

Ukungu ni jambo jingine, hasa gari likifungiwa miezi ya mvua za masika. Litoe nje, fungua milango yote, funika pua na mdomo, ufute ukungu ukiwa mkavu kwa kitambaa utakachokitupa. Kisha siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kitambaa kikiwa na unyevunyevu tu, ukijaribu kwanza mahali palipojificha. Halafu maji safi. Angalia na mazulia. Ukungu wa kiti mara nyingi chanzo chake ni zulia lililolowa.

Kukausha

Kivulini, milango wazi, saa mbili au zaidi. Jua la kaskazi likipiga ngozi yenye maji huikaza.

Krimu

Tumia krimu ya ngozi ya gari yenye asili ya maji, isiyo na silikoni. Tia kwenye kitambaa, usitie kwenye kiti. Kiasi cha sarafu ya shilingi 10 kinatosha sehemu ya kukalia, na kingine kama hicho mgongo. Paka mpaka usiione. Sisitiza mishono na ule ubavu wa dereva unaosuguliwa kila akipanda na kushuka, kwani hapo utando umechoka na krimu inapata pa kuingia. Ngoja dakika 15 hadi 20, kisha futa kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu. Usukani na pedali usizipake hata kidogo, zitateleza.

Krimu haizibi ufa. Hufanya ngozi iliyobaki isipasuke haraka, basi. Ufa unataka kujazwa na kupakwa rangi, na hiyo ni kazi na bei nyingine.

Baada ya hapo

Kila wiki kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Kuosha kwa sabuni kila miezi mitatu kwa gari la kazi. Wanaobeba wageni wa Watamu wafanye mapema zaidi, maana mafuta ya kuzuia jua hushika ngozi na kulainisha utando. Mwenye nguo iliyolowa maji ya bahari akalie kikoi, na kikoi kitoke garini jioni ile ile, kikafuliwe.

Siku ya pili asubuhi, kabla hujakaa, pitisha karatasi laini nyeupe juu ya kiti. Ikitoka na mafuta, krimu imezidi: ifute tena kwa kitambaa kikavu mpaka karatasi itoke kama ilivyoingia.