Somo: Mtoto akifikisha mechi 50 au 100 klabuni, kuanzia hesabu hadi bango

Kila mwaka ikifika Juni simu yangu inajaa swali moja: "Dada, mwanangu anafikisha mechi 50 wiki hii, nifanyeje?" Mara nyingi ni Ijumaa usiku na mechi ni Jumapili asubuhi. Nimelijibu kwa sauti, nimelijibu kwa maandishi, nimelijibu nikiwa nusu ndani ya gari pale uwanjani. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi ni meneja wa timu ya watoto upande wa magharibi wa Melbourne, huu ni msimu wangu wa sita. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, watoto wetu wakaja kuipenda futi ya hapa Australia: mpira wa yai, wachezaji 18 kila upande, milingoti minne kila goli. Kwetu mtoto alishangiliwa akifunga. Huku wanahesabu pia siku ulizoingia uwanjani kwa ajili ya wenzako, kwa hiyo hata beki ambaye hajawahi kufunga goli maishani ana siku yake, siku ya kukimbia na kulipasua bango la karatasi lenye jina lake na namba ya mechi. Naipenda sana desturi hii na ndiyo maana nataka ifanywe vizuri.

Hatua ya 1. Mjue anayetunza kumbukumbu za klabu yenu. Kwa kawaida ni katibu au msajili.

Hatua ya 2. Hesabu mechi mwenyewe, mwanzoni mwa msimu, kabla mpira haujarushwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea na kosa hilo bado linaniuma.

Msimu wangu wa pili tulikuwa na mvulana mmoja wa U12 (timu ya walio chini ya miaka 12), mtoto wa jirani yangu. Nilikuwa nampakia kwenye gari kila Jumapili. Siku moja mwenzake alifikisha mechi 50: bango, watoto wamejipanga mistari miwili, shangwe tele. Yule kijana alipiga makofi kuliko wote. Tukiwa njiani kurudi, matope yamemkauka magotini, akaniuliza taratibu, "Shangazi, na mimi nina ngapi?" Nikamwambia 31, maana ndivyo mfumo ulivyoonyesha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini tulianza pamoja."

Usiku sikulala. Nilifungua orodha za zamani moja moja, nikamkuta yuko mara mbili. Miaka miwili ya kwanza alisajiliwa kwa mpangilio wa karatasi zao za ukimbizi, jina la ukoo mbele, tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Mwaka uliofuata ndugu mwingine akamsajili upya, jina lake mbele, tarehe ya kweli. Kwa kompyuta hao ni watoto wawili: mmoja ana mechi 22, mwingine 31. Jumla 53. Mechi yake ya 50 ilikuwa imepita wiki tatu nyuma, na siku hiyo mimi nilikuwa pembeni nikigawa machungwa.

Nilienda kwa mama yake, nikaomba radhi uso kwa uso, kisha nikamwomba radhi mtoto. Nikamwambia Jumapili inayofuata tutamwandalia bango la 50. Akatikisa kichwa: "Itakuwa ya 54." Basi tukaandika 54, akalipasua.

Kwa hiyo angalieni haya, hasa sisi wenye majina yanayogeuzwageuzwa kwenye karatasi:

Tafuta mtoto kwa majina yote mawili, mbele nyuma, na kwa kila tahajia uliyowahi kuiona kwenye barua za shule. Ukimkuta mara mbili, mwandikie msajili aunganishe kumbukumbu. Usisubiri katikati ya msimu, ana mengi.

Usisahau mechi alizoazimwa timu ya juu. Mtoto wa U12 akiombwa kujaza nafasi U13, jina lake linaandikwa kwenye karatasi ya timu ile, na meneja wake hana habari. Ni mechi, ihesabiwe.

Mechi za mtoano huhesabiwa. Mazoezi, mechi za kirafiki kabla ya msimu na wiki ya mapumziko hazihesabiwi. Auskick nayo haimo, ile ni programu ya kuwafundisha wadogo mchezo. Timu pinzani isipotokea, kila ligi ina kanuni yake, muulize katibu.

Kama alihama klabu ana hesabu mbili, ya klabu na ya maisha. Ulizeni klabu yenu inasherehekea ipi, kisha mwambieni mtoto mapema asije akaaibika.

Na kwa walioanza zamani: ligi za watoto za Melbourne zilifutwa mwaka 2020 na msimu wa 2021 ulikatishwa. Ukipiga hesabu kwa miaka utadanganyika. Hesabu karatasi.

Kwa makisio: mtoto anayeanza U9 na kucheza mechi 14 kila msimu atafika 50 katika msimu wa nne, na 100 mwanzoni mwa msimu wa nane, akiwa U16. Mvua, mafua na safari za harusi za ndugu huisogeza mbele. Andika makisio ya kila mtoto kwenye daftari moja, penseli, na uyapitie kila Jumatatu.

Hatua ya 3. Muulize mtoto anataka nini. Wapo wanaotaka kubebwa mabegani mbele ya watu wote, na wapo wanaotaka cheti tu na jina lao kutajwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Anayesema hapana asibembelezwe.

Hatua ya 4. Mjulishe kocha, meneja wa timu pinzani na refa siku mbili kabla. Mara nyingi wapinzani hukubali kujipanga upande wa pili na kumpigia makofi.

Hatua ya 5. Bango. Fito mbili nyepesi au mabomba ya plastiki, na karatasi za krepu za rangi za klabu. Tandaza sakafuni sebuleni usiku wa kuamkia mechi, unganisha vipande kwa selotepu nyembamba, bandika jina na namba, kisha lizungushe kwenye fito kama mkeka. Usitumie ile tepu pana ya kufungia maboksi. Niliwahi kumwona mtoto wa miaka tisa akigonga bango na kurudi chali, kwa sababu mtu mzima aliliimarisha mno. Pale katikati atakapopita, chana mistari mitatu ya wima kabla hajafika. Washikaji walilegeze kidogo, na yeye apite kwanza peke yake. Kukiwa na mvua, krepu inachuja rangi na kaptura nyeupe ndiyo basi tena. Bora utumie mikanda ya plastiki inayoning'inia.

Hatua ya 6. Siku yenyewe: aongoze timu kuingia, arushe yeye shilingi kama kapteni akikubali, picha kabla ya matope, hotuba dakika mbili zisizidi. Mechi isicheleweshwe, uwanja una timu nyingine nyuma yenu.

---

Maswali ya wanachama

BabaU11: Mwanangu anafikisha 50 Jumapili hii. Nianze na nini?

Mwandishi: Hatua ya 2.

BabaU11: Nimeona ni ndefu dada, nipe kwa kifupi tu.

Mwandishi: Nimeandika ndefu kwa sababu fupi ilimnyima mtoto siku yake. Isome, kisha uje na namba uliyoihesabu wewe, nami nitakusaidia usiku huu huu hata ikiwa saa sita.

MamaPacha: Asante sana kwa somo, dada. Mimi nina pacha. Mmoja atafika 50 mwezi huu, mwenzake aliumia mkono mwaka jana, yuko 41. Nifanyeje asijisikie vibaya?

Mwandishi: Swali zuri, dada yangu. Usizichanganye siku zao wala usimwongezee huyu mechi za huruma, watoto wanajua hesabu zao kuliko sisi. Mpe kazi ya kweli siku ya mwenzake: ashike fito ya bango au amkabidhi cheti. Halafu mwonyeshe kwenye daftari siku yake inapoangukia kwa makisio. Akiliona jina lake na tarehe pembeni anatulia. Ikifika, pacha wake naye ashike fito.

Mzee_wa_Uvira: Wadogo zangu, mimi nauliza: kwa nini 50 na 100? Kwa nini watu wa hapa wanajali hesabu hivi kuliko magoli?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Imetoka juu kabisa. Kwenye AFL, ligi kuu ya futi Australia, mchezaji akifikisha 100, 200 au 300, siku hiyo huwa ni yake. Brent Harvey wa North Melbourne alistaafu 2016 akiwa amecheza mechi 432. Tena 100 ina uzito kwenye kanuni za ligi: baba akicheza mechi 100 katika klabu moja ya AFL, klabu hiyo inapata nafasi ya upendeleo ya kumchukua mwanawe. Ni mchezo wa kugongana, mzee. Kuingia uwanjani mara mia kunataka mwili, nidhamu na mzazi wa kukuamsha kwenye baridi ya Julai. Kwa watoto wadogo kabisa, ambao matokeo yao hayaandikwi, hii ndiyo namba wanayoweza kuishika.

Mzee_wa_Uvira: Marahaba. Nimeelewa sasa. Na watoto wa kwetu wamewahi kufika huko juu?

Mwandishi: Wamefika, mzee. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Alianza AFL na Sydney Swans 2016, akahamia Port Adelaide, na 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha mwaka. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliichezea North Melbourne mechi ya kwanza 2013 na mkwaju wake wa kwanza ukawa goli. Wasimulie wajukuu. Wa kwangu nimewaambia habari ya Kakuma mara nyingi, maana wana ndugu waliopita huko.

Njumu_za_Tarneit: Bango letu lilichanika na upepo kabla mtoto hajafika. Mnauza wapi yale ya tayari? Karatasi yenu haifai.

Mwandishi: Mliliinua mapema. Likae limezungushwa kwenye fito mpaka timu iko mlangoni, ndipo mlifungue, mgongo wa washikaji ukielekea upepo. Na siuzi chochote.

Dandenong_Dada: Sisi ni timu ya wasichana, wawili wanavaa hijabu na mmoja hataki kabisa kubebwa mabegani. Wenzake wanasema bila kubebwa haijakamilika.

Mwandishi: Imekamilika. Ongea na wenzake kabla, yeye asiwepo, ili asijieleze mbele ya watu. Sisi tulifanya hivi: wachezaji wote walimzunguka, wakashikana mabega, wakaimba wimbo wa klabu yeye akiwa katikati. Alitoka analia kwa furaha. Nafurahi kuwaona wasichana wetu humu, ligi yao ya juu imeanza 2017 tu, na hawa wa kwenu ndio wanaouzoea mchezo sasa.

MamaPacha: Nyongeza kuhusu chakula: naruhusiwa kupeleka maandazi na kashata?

Mwandishi: Maandazi peleka, yanaisha kabla ya soseji. Kashata za karanga acha nyumbani. Wapo watoto ambao karanga inawafunga koo, na huwezi kumjua kila mtoto wa timu pinzani. Za nazi tupu ni sawa, ila andika kwenye kopo zina nini.

Dandenong_Dada: Kaptura nyeupe zikishachafuka na rangi ya bango mnatumia nini?

MamaPacha: Maji baridi mara moja, dada, usianze na ya moto. Loweka usiku kucha na sabuni ya unga, kesho ufue. Matope nayo yaache yakauke kwanza, uyakung'ute.

BabaU11: Dada, nimesoma yote. Nimehesabu. Kumbe aliazimwa U12 mara moja mwaka jana, sikujua kama inahesabiwa. Ana 50 tayari, mechi ya 50 ilikuwa Jumapili iliyopita. Jumapili hii ni ya 51.

Mwandishi: Pole kaka, na hongera kwa kuhesabu. Hujachelewa. Mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na mwonyeshe ile mechi ya U12. Muulize bango liandikwe 50 au 51. Nitakuletea fito zangu kesho jioni baada ya mazoezi.

BabaU11: Amesema 51. Swali la mwisho: bibi yake yuko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anataka kuona moja kwa moja kwa simu.

Mwandishi: Mechi ya saa tatu asubuhi hapa ni saa nane usiku Kigoma. Usimwamshe mama wa watu akeshe na mtandao unaokatika. Rekodi fupi, sekunde 20, simu ukiwa umeilaza, mtoto wako pekee awe karibu, maana watoto wengine wazazi wao hawajaruhusu picha. Mwache aanze kwa kumwamkia bibi, ndipo akimbilie bango. Na likishachanika okota kile kipande chenye namba. Kikunje, kitie kwenye bahasha na mtu anayesafiri.